Mchanga wa Mwamanonga

Paskalina Luvanda hapokei mchanga kwa kuutazama juu juu. Lori likifika kiwanjani, kabla dereva hajainua bodi, yeye hukanyaga tairi la nyuma, hupanda, na kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko ili afikie mchanga wa ndani, ule ambao hakuna aliyetaka auone. Hutoa konzi moja, huifikicha kati ya viganja, kisha huvikung'uta na kuvitazama. Viganja vikibaki na vumbi jepesi, humwambia dereva amwage. Vikibaki na utando wa tope, hushuka na kumwambia arudi nao alikoutoa. Madereva wa Uyole wanamjua. Zamani walibishana naye. Siku hizi humpigia simu kabla ya kwenda kupakia, wamuulize leo anataka mchanga wa wapi.

Ana miaka arobaini na saba. Ni mfupi wa kimo, mabega mapana, na hana tabia ya kupandisha sauti. Mtaani Uyole, ambako malori ya Zambia hupunguza mwendo kuingia Mbeya, wanamwita Mama Faustina kwa jina la binti yake mkubwa. Kwenye saiti anaitwa Fundi, basi.

Uashi hakuuanzia Mbeya. Alizaliwa kijijini karibu na Ifunda, mkoani Iringa, na baba yake, mzee Bartolomeo, alikuwa mfyatua tofali. Kila kiangazi mzee huyo alipanga tanuri moja kubwa, akalichoma kwa siku tatu, na likishapoa alimkabidhi Paskalina kazi ya kuchambua. Alimfundisha kushika tofali mbili na kuzigonganisha. Iliyoiva hulia kwa mlio mkali, kama umegonga chuma. Iliyobaki mbichi hutoa sauti nzito iliyofifia, na ukiikwaruza kwa ukucha inaacha unga. Zile mbichi mzee Bartolomeo hakuziuza hata pale mteja alipozitaka kwa bei ya chini. Alisema tofali ya namna ile ikinyeshewa misimu miwili inarudi kuwa udongo, na mwenye nyumba hatakumbuka kwamba aliing'ang'ania mwenyewe. Atakumbuka jina la aliyemuuzia.

Paskalina aliolewa na Anord, fundi seremala, wakahamia Mbeya. Akiwa na miaka ishirini na tatu alipata kibarua cha kubeba zege kwenye jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa kata ya Soweto. Siku ya kumwaga sakafu, aliyezoea kulainisha hakufika. Msimamizi akampa Paskalina mwiko na kipande cha ubao, akamwambia apige magoti aanze. Alipiga magoti kwenye zege bichi tangu asubuhi, sketi ikalowa, ikagandamana na ngozi. Saa sita magoti yakaanza kuwasha. Alipomwambia msimamizi, alijibiwa kwamba zege halijawahi kumla mtu, amalize kwanza.

Alimaliza. Jioni alipovua sketi, ngozi ya magoti yote mawili ilitoka nayo.

Muuguzi aliyemfunga vidonda, mama mmoja aitwaye Damari, alimweleza jambo ambalo pale saiti hakuna aliyewahi kulitaja. Simenti ikishalowa maji inakuwa kali kama magadi, na ubaya wake ni kwamba mwanzoni haiumi. Inakula ngozi polepole wakati wewe unadhani ni muwasho tu. Dawa ya kwanza ni kuvua nguo iliyolowa hapo hapo na kujimwagia maji safi, mengi, kwa muda mrefu, kisha kwenda hospitali. Paskalina alikaa nyumbani wiki tano. Siku nyingi za wiki hizo alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa kwa zege. Ilikuwa kwa yule aliyejua, au aliyepaswa kujua, akamwacha apige magoti.

Aliporudi kazini alivaa suruali nene, gambuti, na vipande vya nailoni alivyofunga magotini kwa kamba. Kando yake aliweka ndoo ya maji safi ambayo hakumruhusu mtu kuitia kwenye zege. Wenzake walimcheka kwa wiki moja. Wiki ya pili mmoja wao alirukiwa na simenti machoni, na ndoo ile ndiyo iliyokuwa karibu. Kicheko kikaisha.

Miaka sita alibeba zege huku akiangalia mafundi wanavyofanya, jioni akijaribu mwenyewe uani kwake kwa vipande vya tofali. Ukuta wake wa kwanza wa malipo ulikuwa wa choo cha jirani. Baada ya choo ikaja nyumba, kisha nyumba nyingine, kisha zahanati ndogo upande wa Igurusi, chini bondeni. Siku hizi ana kikundi cha mafundi saba. Mkubwa wao ni Shadrack, Mnyakyusa mpole wa Tukuyu, ambaye anaweza kushinda siku nzima bila kusema neno lakini ukuta wake ukipimwa kwa timazi haujawahi kuonekana umepinda.

Ile zahanati ndiyo iliyomleta Mzee Sayi.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka juzi. Mzee Sayi alifika Uyole na wajumbe wawili wa kamati ya ujenzi ya kijiji chao cha Mwamanonga, ndani kabisa ya bonde la Usangu. Alikuwa Msukuma mrefu wa miaka sitini na ushee, koti la suti juu, kandambili za tairi chini. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga yeye akiwa mtoto, wakafuata malisho mpaka Usangu wakabaki. Alikunywa chai kwanza, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za Iringa, ndipo akaeleza shida.

Watoto wa Mwamanonga walikuwa wakivuka mto kwenda shule ya kijiji cha pili. Masika mto ukijaa, hakuna shule, na mwaka huo ilikuwa hivyo kwa wiki kumi. Mwezi wa tatu binti mmoja wa darasa la pili alijaribu kuvuka akazolewa na maji. Alikutwa ameng'ang'ania kichaka mita mia mbili chini, akiwa hai. Baada ya hapo wazazi waliamua kujenga madarasa mawili upande wao. Halmashauri ilikuwa imewaahidi kuezeka iwapo kuta zingefika kwenye linta, mkanda wa zege unaozunguka juu ya milango na madirisha, kabla ya mvua. Tofali za kuchoma walikuwa wameshachoma. Simenti mifuko sitini ilikuwa ghalani, kokoto zimepondwa, na mchanga ulikuwa mwingi kupita walivyohitaji. Walichokosa ni fundi.

Paskalina alikubali. Wiki iliyofuata alishuka bondeni na Shadrack na wenzake wanne.

Mchanga ulikuwa mwingi kweli. Rundo lilikuwa refu kuliko mtu, jeusijeusi, na njia iliyolifikia ilikuwa imechimbika kwa magurudumu ya mikokoteni ya ng'ombe. Kijiji kizima kilikuwa kimeusomba kwa miezi miwili kutoka kwenye kijito kilicho karibu, na ng'ombe wengi waliovuta walikuwa wa Mzee Sayi. Watu walisimama kumtazama fundi atasema nini. Paskalina alizamisha mkono, akafikicha, akatazama viganja. Vilikuwa vyeusi kama vya mtu aliyetoka kupanda mpunga. Aliomba chupa tatu tupu za maji ya kunywa, akazijaza mchanga mpaka nusu, kila chupa kutoka sehemu tofauti ya rundo. Akaongeza maji na chumvi kidogo, akatikisa sana, akaziweka kwenye kivuli cha banda zikatulia.

Wakati huo huo aliomba kuona simenti. Ilikuwa imepangwa chini kwenye udongo, imeegemea ukuta. Alipita akibonyeza pembe za mifuko mmoja mmoja kwa kidole gumba. Mifuko ya juu ilikuwa mizuri. Ya chini tisa ilikuwa imeshaanza kuwa mawe. Aliitenga, akawaonyesha kwamba bonge linalovunjika unga kati ya vidole bado lina kazi ndogondogo, lakini lile linalohitaji nyundo limekwisha kufa. Mingine aliagiza ipandishwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ifunikwe turubai. Kwa hilo hakuna aliyebisha.

Asubuhi chupa zilikuwa zimejitenga. Mchanga ulikaa chini, juu yake tope laini, juu ya tope maji. Kwa kawaida Paskalina hukubali mchanga ambao kwenye sentimita kumi tope lake halifiki moja. Kwenye chupa za Mwamanonga tope lilikuwa vidole vitatu.

Kamati ilikaa ndani ya banda la simenti, wengine kwenye mifuko, wengine kwenye madumu. Paskalina aliwaonyesha chupa na kueleza. Tope linaivisha kila chembe ya mchanga koti la utelezi, simenti inakosa pa kushika. Ukuta unaweza kusimama mwaka mmoja, miwili, lakini linta inabeba mzigo wote wa paa, na hapo ndipo mchanga mchafu huonekana. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini wasiongeze simenti. Akajibu kwamba hata ukiongeza, tope halitoki, lipo pale pale. Mwingine akasema nyumba yake ilijengwa kwa mchanga huo huo na watoto wake wamekulia humo. Paskalina alikuwa ameiona nyumba hiyo njiani, na nyufa zake alikuwa ameziona pia, lakini hakuzitaja mbele za watu.

Mzee Sayi alikuwa amekaa ameinama, fimbo imelala magotini. Sasa aliinua uso.

"Mama, mchanga ule umeletwa na ng'ombe wangu," alisema. "Na umeletwa na akina mama wenye watoto mgongoni. Niwaambie nini?"

"Kazi yenu naiona, baba, na naiheshimu," Paskalina alijibu. "Lakini mchanga huu siwezi kuuweka juu ya vichwa vya watoto. Mkitaka fundi wa kuuweka, mtampata. Mimi siyo."

Shadrack alikuwa akitazama mlango, maana mwaka fulani huko Chunya walishawahi kufukuzwa saiti kwa maneno mepesi kuliko hayo. Paskalina hakuondoka wala hakulegeza. Aliendelea kwa sauti ile ile kwamba hataki waamini maneno yake tu. Wampe siku nane. Atamwaga vipande viwili vya zege, kimoja kwa mchanga wao, kimoja kwa mchanga msafi, simenti ile ile, kokoto zile zile, na maji ya kipimo kimoja. Kamati yenyewe ivijaribu. Na siku hizo nane hazitapotea, kwa sababu msingi bado haujachimbwa, na udongo wa mbuga, unaovimba ukilowa, hauwezi kubeba shule, lazima uchimbwe wote mpaka waufikie udongo mgumu.

Wakauliza huo mchanga msafi hapa Usangu ataupata wapi. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo alipoongea. Aliitwa Mbuke, mkwe wa Mzee Sayi, miaka thelathini na kitu, na yule binti wa kichakani alikuwa mwanawe. Alisema kwa upole, macho yakiwa chini kwa sababu ya baba mkwe, kwamba kule juu ambako mto unatoka milimani kuna kona akina mama huchota maji kiangazi. Mchanga wa pale ni wa chembe kubwa, mweupe, na ukikanyaga unachoma nyayo.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" Mzee Sayi akamuuliza.

"Baba, hakuna aliyeuliza."

Paskalina alikwenda naye mchana ule ule, mwendo wa karibu saa moja kwa miguu. Mbuke alipita mbele bila kusita, akaingia majini hadi kwenye mashavu ya miguu, akachota mchanga kwa viganja vyote viwili na kumpa. Paskalina aliufikicha karibu na sikio lake. Ulikwaruza. Alipofungua mikono ilikuwa safi, ina majimaji tu. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke bondeni, na njiani wakirudi walizungumza kama watu waliojuana siku nyingi.

Kabla hajashuka bondeni, Anord alikuwa amempa mkewe visanduku viwili vya mbao vya kujaribia zege. Paskalina akamwaga ndani yake vipande viwili vyenye urefu wa mkono na unene wa ngumi, mbele ya kamati, kila kipimo kikihesabiwa kwa sauti na mjumbe, siyo na fundi. Mjumbe mmoja alitaka kuongeza maji ili kazi iwe laini. Alimzuia, kwa kuwa zege likiwa uji linamiminika vizuri na kukauka dhaifu. Vipande vyote viwili vilifunikwa magunia, na Mbuke akapewa kazi ya kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni. Msingi ukachimbwa. Kijiji kilichimba kwa nguvu lakini kwa mdomo uliofungwa, na jioni mafundi walikula peke yao.

Siku ya nane watu walikuwa wengi kuliko siku ya mkutano. Vipande viliwekwa kila kimoja juu ya tofali mbili, kama daraja dogo. Paskalina alimwomba Mzee Sayi ajaribu mwenyewe, akarudi nyuma hatua kadhaa. Mzee alivua kandambili. Akaweka mguu mmoja kwenye kipande cha mchanga wa kijito, akaegemea fimbo, akaanza kuinua mguu wa pili. Kipande kilikatika katikati kabla mguu haujaondoka ardhini. Hakikutoa hata mlio wa maana. Aliinama akaokota nusu moja, akaikwaruza kwa ukucha, unga ukamwagikia vidoleni.

Akapanda cha pili. Miguu yote miwili. Akatulia. Akamwita shemeji yake, mwembamba kama yeye, akamwambia apande nyuma yake amshike kiuno. Wakasimama wawili juu ya kipande kile, wazee wawili wameshikana kama watoto wanaocheza treni, na hapo watu wakaanza kucheka, na kicheko kile kiliondoa uzito wa siku nane. Kipande hakikutikisika.

Mzee Sayi alishuka, akavaa kandambili. Paskalina aliyekuwa akimtazama aliona jinsi ilivyomuuma kuliangalia lile rundo. Kisha akageukia watu, akawaambia kwa Kisukuma maneno machache. Mbuke alimtafsiria fundi: kesho mikokoteni yote ielekee kwenye kona ya akina mama, ya kwake ikitangulia.

Rundo la zamani halikutupwa. Paskalina alielekeza lijaze mashimo ya njia ya kuingia shuleni, na watu walifurahi kuona jasho lao linakanyagwa na lori la mabati badala ya kuoshwa na mvua. Mchanga mpya ulisombwa siku kumi na tisa. Kuta zikapanda. Tofali Paskalina alizichambua mwenyewe kwa kuzigonganisha, akaziloweka kabla ya kujenga ili zisinyonye maji ya mota, ile simenti na mchanga wa kuzishikanisha. Mafundi walipokata tofali waliimwagia maji kwanza na kufunga barakoa, maana vumbi lile likiingia kifuani halitoki. Vijana wa kijiji waliona ni uzungu mwingi. Baada ya siku mbili za kukohoa nao wakafunga vitambaa.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kukaa juu ya milima ya upande wa Mbeya, na ikafika siku ya kumwaga linta. Kazi ya linta haikatiki katikati. Ukishaanza unazunguka ukuta wote mpaka urudi ulikoanzia. Watu arobaini walijipanga kupokezana ndoo. Kila aliyegusa zege alivaa gambuti na glavu, na kando ya jengo kulikuwa na mapipa mawili ya maji safi. Paskalina aliwaonyesha mapipa hayo asubuhi na kusema kwamba ni ya kuoshea watu, atakayechota ya kuchanganyia zege atarudi nyumbani.

Mzee Sayi alikuwa kwenye mstari. Walimshauri akae kivulini, akakataa. Saa nne ndoo moja ilimponyoka mtu wa juu, ikammwagikia mzee mguuni, na zege likaingia ndani ya gambuti lake. Aliukung'uta mguu mara mbili akaendelea kupokea ndoo.

Paskalina alikuwa juu ya jukwaa upande wa pili, akishindilia zege kati ya nondo. Kama nusu saa baadaye alimwona mzee anapiga mguu chini, anauhamisha, anaupiga tena. Alikabidhi kazi kwa Shadrack, akashuka.

"Baba, vua buti."

"Tumalize kwanza, mama. Ni muwasho tu."

Hakubishana. Alimshika mkono, akamketisha kwenye tofali mbele ya kijiji kizima, akapiga magoti na kulivuta gambuti mwenyewe. Soksi ilikuwa ya kijivu, imelowa. Alipoivua, ngozi juu ya kifundo ilikuwa nyekundu na imeanza kuteleza kama ya nyanya iliyochemshwa. Mzee alijaribu kuuondoa mguu, kwa maumivu na kwa aibu ya kushikwa mguu na mwanamke asiye wake hadharani. Paskalina hakuuachia. Mbuke alikuwa tayari amefika na ndoo, na bila kuambiwa akaanza kumimina, baba mkwe au siye.

"Mimi niliambiwa nimalize kwanza," Paskalina alimwambia taratibu, maji yakipita vidoleni mwake. Akapandisha suruali, akamwonyesha magoti yenye makovu mapana, meupe, yasiyoota unywele. "Nikamaliza. Hii ndiyo zawadi niliyopata."

Mzee Sayi aliyatazama makovu yale. Hakuuvuta mguu tena.

Waliumwagia maji kwa zaidi ya dakika ishirini, pipa zima likaisha, ndipo akapandishwa pikipiki kupelekwa zahanati. Mganga alisema wangechelewa mpaka jioni mguu ungechukua miezi. Ulichukua wiki mbili. Juu ya ukuta Shadrack hakuwa amesimamisha kazi hata dakika moja, na jua lilipoinamia tambarare linta ilikuwa imezunguka na kukutana.

Kazi ya kulowesha linta, ili isikauke haraka, waliifanya akina mama kwa zamu, Mbuke akishika orodha. Joto la Usangu mwezi ule linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika, kwa hiyo Paskalina hakutaka siku saba, alitaka kumi. Alipata kumi na mbili. Halmashauri ilileta mabati wiki iliyofuata, na mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mafundi wakipiga misumari ya mwisho ya kofia ya paa. Mwezi wa kwanza madarasa yalifunguliwa. Mto ulijaa kama kila mwaka, watoto wakausikia ukinguruma kwa mbali wakiwa wamekaa darasani.

Mzee Sayi alipanda Uyole mwezi wa pili, mguu umepona, akiwa na jogoo na mfuko wa mchele. Alisema wabeja, asante ya Kisukuma, mara tatu. Alikuwa na jambo jingine, na lilimchukua chai vikombe viwili kulifikia. Mkwe wake anataka kujifunza uashi. Yeye kama baba alikuwa amekataa, kisha akafikiri, kisha akaona afadhali amlete mwenyewe kuliko kusikia ameondoka. Mbuke alikuwa nje, amesimama getini na begi.

Alianza kwa kuchambua mchanga, kazi aliyoiweza siku ya kwanza. Mwiko ulimchukua muda. Kuta zake za mwanzo Shadrack alizibomoa bila kusema neno na kumpa tofali zile zile ajenge upya, na Mbuke alizijenga upya bila kusema neno pia. Kila mwisho wa mwezi hurudi Mwamanonga kwa mume na watoto. Siku hizi watu wa vijiji vya jirani humsubiri huko na chupa zao za mchanga.

Mwezi wa sita mwaka huu Paskalina aliitwa kwao Iringa, kwenye kijiji cha juu ya Mafinga, kujenga wodi ya wazazi ya zahanati ya parokia. Alimchukua Mbuke. Mtoto wa bondeni hakuwa ameijua baridi ya namna ile. Alivaa sweta mbili na kitenge juu, na asubuhi ya kumwaga zege la sakafu alikuta nyasi zimekuwa nyeupe. Paskalina alikuwa amekwenda mjini kufuata nondo, akamwachia saiti.

Saa moja na nusu Padri Silvester alipita, akakuta watu wanaota moto, akauliza kwa nini kazi haijaanza. Mbuke akamwamkia, kisha akampeleka kwenye pipa la maji. Akavunja kwa kidole ganda jembamba la barafu lililokuwa juu, akampa kipande ashike.

"Zege likipigwa na hii kabla halijashika, baba, linaharibika," alimweleza. "Tunaanza saa nne jua likipanda, na jioni tutalifunika nailoni na majani makavu. Wodi haitachelewa."

Padri alikishika kile kipande mpaka kikayeyuka mkononi, akajifuta kwenye kanzu, akasema atarudi saa nne na gambuti zake.